Je, Kitu Kisichopungua Chaweza Kuibwa?

Walimu wa Kipaimara katika sharika za Kinondoni na Temeke wafikapo kwenye amri ya saba hawapati taabu nyingi. Watoto wote wajua ya kuwa kumchukua kuku wa jirani ni dhambi, na kwamba kondakta wa daladala akizuia chenji ya abiria kwa makusudi ametenda vibaya. Lakini siku hizi liko swali lingine. Mtoto mmoja ainua mkono, asema: "Mwalimu, kaka yangu ana kibanda Mbagala. Huwatilia watu programu katika kompyuta zao, na programu hizo hakuzinunua. Je, kaka yangu ni mwizi?" Darasa zima lanyamaza, maana wengi wana kaka au mjomba wa kazi hiyo, na mwalimu naye akumbuka ya kuwa hata kompyuta ya ofisi ya usharika ilitiwa programu na fundi wa namna hiyo hiyo.

Swali hili halifai kuchekwa, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Ndiyo sababu twataka kulitazama pamoja nanyi, ndugu wasomaji, na hasa ninyi mnaofundisha: kwanza jambo lenyewe, kisha yale yasemwayo juu ya sheria, kisha hatari zake, na mwisho neno la dhamiri, ambalo ndilo kubwa.

Kwa ajili ya wazee wetu wasioishika kompyuta kila siku, tueleze hivi. Kompyuta isiyo na programu ni kama cherehani isiyo na fundi: chombo kipo, kazi haipo. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na watu, mstari kwa mstari, pengine kwa kazi ya miaka mingi, ili kompyuta ijue kuandika barua, kufanya hesabu au kuchora. Walioziandika huzitoa kwa masharti yaitwayo leseni. Wengine huzitoa bure, wengine hutaka fedha. Na zile za fedha hufungwa kwa ufunguo wa herufi na tarakimu. Basi wako watu, wengi wao mbali na hapa, wavunjao kufuli hizo na kuziweka programu katika mtandao wa intaneti. Kijana wa Tandika au Manzese huzishusha na kuzitunza katika flashi. Mteja akija amwambia, "Acha hapa, mzee wangu, nikupigie windo mpya." Saa moja haijaisha, kazi imekwisha. Fundi apata shilingi elfu chache za unga na mafuta ya taa, mteja aenda zake akifurahi. Hapana mlango uliovunjwa, hapana aliyepiga kelele.

Juu ya jambo hili yako maneno mengi yasemwayo vibandani, na hata barazani mwa kanisa baada ya ibada. Husemwa kwa uhakika mkubwa, na wasemao mara nyingi hawajaisoma sheria. Tuyapime moja moja.

Wako wasemao: "Sheria hiyo ni ya Ulaya, haituhusu sisi." Sivyo. Bunge letu wenyewe lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, nayo imezihesabu programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine yanayolindwa. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne, ambao mataifa yaliyomo huahidiana kuzilinda kazi za waandishi wa kila mmoja wao. Kwa hiyo kazi ya mwandishi wa Marekani yalindwa hapa, na kazi ya kijana wetu wa Sinza yalindwa kule. Zanzibar nao wana sheria yao ya hakimiliki ya mwaka 2003.

Wengine wasema: "Mimi siuzi, natumia nyumbani mwangu tu, basi sina kosa." Hili ndilo neno lipendwalo kuliko yote. Walakini Sheria ya Makosa ya Mtandao, namba 14 ya mwaka 2015, imelijibu waziwazi. Kifungu chake cha 24, kama kilivyotungwa, chamkataza mtu kutumia kompyuta kwa kusudi la kuvunja haki za ubunifu zilindwazo na sheria, nacho chatenga makundi mawili. Avunjaye bila biashara aweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kufungwa kwa muda usiopungua miaka 3, au vyote viwili. Avunjaye kwa biashara, faini yake haipungui shilingi 20,000,000, na kifungo hakipungui miaka 5, au vyote viwili. Twaweza kuona adhabu hizo ni nzito mno kwa maskini, na raia ana ruhusa ya kuwaambia hivyo wabunge wake. Lakini hapana awezaye kusema ya kuwa sheria imemsahau asiyeuza.

Wengine tena wasema: "Nilimlipa fundi, basi nimenunua." Fundi alilipwa ujira wa mikono yake. Mtu akikuuzia kiwanja cha Chanika kisicho chake, risiti uliyo nayo ni ushahidi wa fedha ulizotoa. Haikufanyi kuwa mwenye kiwanja. Leseni hutoka kwa mwenye programu, au kwa yule aliyepewa naye ruhusa ya kuiuza.

Wako pia wasemao ya kuwa programu ikitumiwa kwa saa 24 kisha ikafutwa, hapana kosa. Au kwamba kitu kilichowekwa mtandaoni kimekuwa mali ya wote. Habari ya saa 24 ni hadithi tu, wala haimo katika sheria yetu. Na kitu hakiwi cha watu wote kwa sababu mtu asiye mwenyewe amekitoa nje na kukiacha njiani.

Mwisho wako wasemao, na hawa ni ndugu zetu: "Twatumia kwa kazi ya Injili, na Injili ni bure." Neno hili lina sura ya utauwa, lakini tulitazame vema. Sheria huruhusu mambo machache, kama kudondoa sehemu ya kazi ya mtu katika kufundisha, mradi jina lake litajwe. Haikuweka mlango wa pekee kwa kanisa litakalo kuandika matangazo ya Jumapili kwa programu isiyolipiwa. Neema ni bure kwetu kwa kuwa mwenyewe aliitoa kwa hiari. Hatuwezi kuifanya kuwa hati ya kutoa bure kilicho cha mwingine.

Na ikiwa mtu asema, "Wote wafanya hivyo, wala sijaona aliyefungwa," twamjibu kwamba sheria isiyokushika leo haijakuhalalisha. Mtume Paulo alipowafundisha Warumi kuwatii wenye mamlaka, hakutaja hofu ya adhabu peke yake. Alitaja na dhamiri.

Tuje kwenye hatari, maana iko hasara impatayo mtumiaji mwenyewe kabla hakimu hajaijua habari yake. Hatusemi ya kuwa kila programu iliyovunjwa kufuli ina sumu ndani yake. Twasema ya kuwa apokeaye hana njia ya kujua. Aliyeivunja hakuandika jina lake wala anwani yake, wala hakueleza alipata faida gani kwa kazi hiyo. Tena, mara nyingi maagizo yajayo na programu hizo huanza hivi: zima kwanza programu ya kukinga virusi. Ndugu, mgeni akija usiku nyumbani kwako Mbezi au Yombo, akasema, "Sitaingia mpaka mlinzi afungiwe chumbani," je, utamfungulia? Imeonekana mara nyingi ya kuwa ndani ya vifurushi hivyo hufichwa programu nyingine ziibazo maneno ya siri ya benki na ya barua, au zifungazo mafaili yote ya mwenye kompyuta mpaka alipe fedha.

Hatari nyingine ni ya polepole. Programu za kweli hupokea matengenezo kila mara, jinsi mwenye nyumba azibavyo nyufa kabla ya masika. Mwenye programu ya bandia huogopa matengenezo hayo, asije akagunduliwa, naye huyazima. Basi nyufa zabaki. Mwezi wa Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilienea katika nchi nyingi kwa siku chache, vikazuia kazi hata katika hospitali za Uingereza. Ufa vilimopitia ulikuwa umekwisha kutolewa dawa yake na kampuni ya Microsoft tangu mwezi wa Machi mwaka ule ule. Waliokwisha kuitia dawa hiyo, ufa huo ulikuwa umezibwa. Ambao hawakuitia, kwa sababu yo yote ile, walikuwa wazi.

Fikirini basi kompyuta ya ofisi ya usharika. Mna majina ya washarika, siku zao za ubatizo na ndoa, namba zao za simu, ahadi zao na sadaka zao. Yamo pengine na mambo waliyomwandikia mchungaji kwa siri. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, mwezi wa Mei 2023, kuyatunza mambo kama hayo ni wajibu wa sheria. Lakini hata isingekuwapo, ulikuwa wajibu wa uchungaji. Mjane wa Keko aliyeandika ahadi yake hakuambiwa ya kuwa daftari litawekwa katika nyumba ambayo mlinzi wake amefungiwa.

Hata hivyo, mtu akiacha jambo kwa kuogopa faini na virusi tu, amejifunza busara, lakini amri bado hajaifikia. Turudi kwa mtoto wa Kipaimara. Nguvu ya swali lake ni hii: mwizi wa kuku humwachia mwenyewe tundu tupu. Lakini anakiliye programu hamwachii mtu tundu tupu. Mwenyewe bado anayo yote, kama taa iwashayo taa nyingine isivyopungukiwa na mwanga. Je, kitu kisichopungua chaweza kuibwa?

Tukubali kwanza yaliyo kweli. Kunakili si sawasawa na kunyang'anya. Sheria yenyewe yauita uvunjaji wa haki, na kuna sababu ya kutofautisha majina. Tukubali pia ya kuwa makampuni makubwa yakihesabu kila nakala kuwa fedha iliyopotea, hesabu hiyo si ya haki, kwa kuwa wengi walionakili wasingeweza kununua kamwe. Na bei iliyopangwa kwa mshahara wa Ulaya ni mzigo mzito kwa mtu wa Buguruni. Haya yote twayasema bila kuficha.

Lakini Yakobo katika waraka wake awaonya matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wao. Tazameni: tajiri yule hakuingia katika nyumba ya mvunaji wala hakuchukua jembe lake. Mvunaji alirudi na vyote alivyoondoka navyo asubuhi. Hapana kitu kilichopungua kwake. Na bado kilio chake kilifika mbinguni. Basi twajifunza ya kuwa mtu aweza kudhulumiwa bila kupokonywa, kwa kule kuila kazi yake na kumnyima alichoagana kupewa. Mtu atasema, "Lakini mimi sikumwajiri mwandishi wa programu." Kweli; lakini kazi yake umeichagua mwenyewe, nawe waitumia kila siku. Alikuambia masharti yake kabla hujaishika. Ulikuwa huru kuyakataa na kuiacha. Hukuwa huru kuyakataa na kuichukua. Kilichochukuliwa, basi, ni ridhaa yake.

Katekisimo Ndogo ya Dkt. Martin Luther, ya mwaka 1529, haikuiacha amri ya saba katika kuku na fedha tu. Yataja pia kujipatia mali kwa bidhaa za uongo na biashara ya hila, kisha yatuagiza kumsaidia jirani ili mali yake na riziki yake zipate kuhifadhiwa. Kwa hiyo swali la Mkristo halikomi kwenye "Je, nimemwondolea kitu?" Lafika mpaka "Je, nimemsaidia kuishi kwa kazi yake?"

Tena Luther mwenyewe aliyaonja mambo haya. Hakupokea malipo kwa wapiga chapa kwa vitabu vyake, alivitoa. Na vitabu vile vilienea upesi kwa sababu wengi walivichapa tena katika miji mingine bila kuuliza. Lakini mwaka 1525 maandishi ya mahubiri yake yaliibwa Wittenberg kabla kitabu hakijakwisha, yakachapwa Nürnberg. Hapo alilalamika sana. Hakujililia mfuko wake. Aliwahurumia wapiga chapa wa mji wake waliokwisha kutia fedha zao katika kazi ile. Na zaidi ya hayo alilalamika ya kuwa vitabu vilivyochapwa kwa haraka na tamaa vilijaa makosa, hata hakuvitambua kuwa vyake. Mwaka uliotangulia, 1524, alikuwa amekwisha kutia alama katika vitabu vyake, Mwana-kondoo mwenye bendera na ua la waridi, ili msomaji ajue kilichopita mikononi mwake. 

Hapa pana fundisho kwetu. Atoaye bure hutoa kilicho chake. Atwaaye bila ruhusa, hata akigawa bure, hutoa kisicho chake, na hapana awezaye kuthibitisha ya kuwa hakukigeuza. Na jambo moja zaidi, ambalo twalitaja kwa huzuni. Ufunguo wa bandia una kazi moja tu: kuiambia programu, kila iwashwapo, ya kuwa imelipiwa. Yaani wasema uongo kwa niaba yetu. Basi ofisi inayochapa mahubiri juu ya amri ya nane, kwa programu iliyofunguliwa hivyo, imekwisha kutoa ushuhuda wa uongo kabla herufi ya kwanza haijaandikwa.

Na tusidhani ya kuwa jambo hili lawahusu matajiri wa mbali tu. Kwaya zetu zajua. Waimbaji huchanga, hufanya mazoezi usiku, hulipia studio; na juma lisiloisha nyimbo zao zajazwa katika kadi za simu vibandani, na kwaya haipati hata nauli. Hapo sisi sote twasema, "Hii ni dhuluma." Vema. Kipimo kile kile na kitumike tukiwa sisi ndio tunaopokea.

Yatupasa kufanya nini? Tumshukuru Mungu, mlango wa haki haukufungwa. Ziko programu ambazo waandishi wake wenyewe wameamua zitumiwe, zinakiliwe na kugawiwa bure, nazo huitwa programu huria. Linux huendesha kompyuta nzima. LibreOffice huandika barua na kufanya hesabu. GIMP hutengeneza picha. Tena si za wageni tu. Mwaka 2004 kazi iliyoitwa Kilinux, iliyofanyika na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa OpenOffice kwa lugha yetu ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Watu wa hapa hapa walikaa na kutafuta maneno ili Mswahili asome kompyuta kwa lugha yake, nao hawakuhitaji kuvunja kufuli la mtu. Penye programu ambayo haina budi kununuliwa, sharika mbili tatu zaweza kuulizia pamoja bei ya kupunguziwa, kwa maana yako makampuni yapunguzayo kwa shule na mashirika yasiyotafuta faida. Na baraza la wazee wa kanisa liitie gharama hiyo katika makisio ya mwaka, kama litiavyo divai ya Ushirika na umeme.

Na yule fundi wa Mbagala? Tusimtupe. Ana watoto, ana kodi ya kibanda, na kazi aliifuata kwa kuwa hakuona nyingine. Nasi tulimfundisha hivyo, kwa kuwa tulimpelekea kompyuta zetu na kumwambia, "Fanya rahisi." Ujuzi wake ni halali: kusafisha kompyuta, kurekebisha iliyoharibika, kutia programu huria na kuwafundisha watu kuzitumia. Usharika ukiwa wa kwanza kumpa kazi hiyo na kumlipa kwa wakati, umemsaidia kuliko mahubiri matatu ya kumkemea.

Basi mwalimu atamjibuje mtoto? Twadhani aseme hivi: "Mwanangu, kaka yako si mtu mbaya kuliko sisi. Lakini atoacho si chake, na sisi tunaokipokea tu pamoja naye. Kuna kitu kisichopungua kwa mwenyewe na bado kikawa kimechukuliwa kwa dhuluma. Mwambie kaka yako aje Jumamosi. Kompyuta ya ofisi yataka kufutwa na kutiwa upya kwa haki, nasi tutamlipa." Kisha Jumamosi ifikapo, na awepo mlangoni mwenye ufunguo wa ofisi, na fedha za fundi ziwe tayari.